Shangingi linapokunywa faida: dawa haianzii gereji

DARAJA la Kigongo-Busisi lilipozinduliwa Juni 19, 2025, wafanyabiashara wa Mwanza wanaofuata masoko ya Sengerema na Geita walikuwa na hesabu moja nyepesi vichwani mwao. Foleni ya kivuko imekwisha. Gari halitaachwa tena likiunguruma kando ya maji kusubiri zamu, kiyoyozi kikiwa wazi na dereva akisikiliza redio. Kilomita tatu za daraja zinamalizwa kwa dakika chache. Kwa hiyo mafuta ya safari ile ile lazima yapungue.

Kwa magari mengi hesabu hiyo imekaa sawa. Injini kubwa ya petroli ikiachwa kuunguruma huku kiyoyozi kikifanya kazi inaweza kumaliza lita moja na zaidi kwa saa bila gari kusogea. Lakini yapo magari, hasa yale makubwa ya miaka mingi ambayo mtaani huitwa mashangingi, ambayo foleni imeondoka na kiu imebaki. Mwenye gari la namna hiyo asikimbilie kulaumu sheli. Daraja limempa kipimo cha bure: ikiwa kusubiri kumekwisha na mafuta hayakupungua, kuna kitu kinayala njiani.

Bei ya lita moja haimo mikononi mwa mfanyabiashara. Mamlaka ya Udhibiti wa Huduma za Nishati na Maji, EWURA, ilianza kupanga bei kikomo mwaka 2009, na bei mpya hutangazwa kila mwezi kwa kila mji na wilaya. Mwanza iko zaidi ya kilomita 1,100 kwa barabara kutoka Dar es Salaam, na gharama ya kuyavuta mafuta umbali huo imo ndani ya bei. Kodi nazo zimo humo. Mwaka 2017 ada ya leseni ya gari iliyokuwa ikilipwa kila mwaka ilifutwa, na badala yake zikaongezwa Sh. 40 katika kila lita. Mwaka 2023 ikaongezwa Sh. 100 nyingine kwa lita ya petroli na dizeli. Maana yake ni kwamba siku hizi leseni hulipwa kwa kadiri ya kiu ya gari. Mwenye gari linalokunywa ovyo hulipia mafuta anayopoteza, kisha hulipia na kodi ya mafuta hayo aliyopoteza.

Kilicho chake mwenyewe ni idadi ya lita.

Hasara katika tarakimu

Chukulia mfano wa mfanyabiashara wa vifaa vya ujenzi pale Igoma. Ana Toyota Land Cruiser Prado ya petroli, injini ya lita 2.7, toleo lililotengenezwa kati ya 2002 na 2009. Ameajiri dereva. Gari hukusanya madeni Magu na Bunda, hupeleka sampuli Geita, na mara moja moja hufika Musoma. Kwa mwezi hutembea kilomita 2,000. Zamani lilikuwa likimpa kilomita 9 kwa lita kwenye barabara kuu. Sasa linampa 6.5.

Kwa bei ya mviringo ya Sh. 3,000 kwa lita, inayotumika hapa kwa ajili ya hesabu tu, zamani alitumia lita 222, yaani karibu Sh. 667,000 kwa mwezi. Sasa anatumia lita 308, karibu Sh. 923,000. Tofauti ni Sh. 256,000 kwa mwezi, na kwa mwaka inavuka Sh. milioni tatu. Hiyo si fedha ya soda. Kwa duka la ukubwa wa kati ni kodi ya pango au mshahara wa mtu.

Mfanyabiashara huyo ana mawazo mawili. La kwanza ni kwamba dereva anamwibia. La pili ni kwamba gari limezeeka na liuzwe kabla halijafa. Yote mawili yanaweza kuwa kweli. Lakini kumfukuza mtu kazi na kuuza mali kwa bei ya kutupa ni maamuzi ambayo hayarudishwi nyuma, na mpaka hapo hakuna kilichopimwa.

Hapa panahitajika tahadhari moja ya kihesabu. Watu wengi hufikiri kilomita moja iliyopungua kwa lita ni hasara ile ile kwa kila gari. Sivyo. Gari dogo likishuka kutoka kilomita 12 hadi 10 kwa lita, katika safari ya kilomita 1,000 limeongeza takriban lita 17. Shangingi likishuka kutoka 7 hadi 6 tu, limeongeza takriban lita 24. Mwenye gari dogo amepoteza kilomita mbili na mwenye shangingi moja, lakini aliyeumia zaidi ni wa pili. Ndiyo sababu daftari la gari kubwa liandikwe kwa lita zinazotumika katika kila kilomita 100. Hapo hasara huonekana kwa macho: Prado ya Igoma imetoka lita 11.1 hadi 15.4.

Mali bila daftari hupotea bila habari, walisema wazee, na mafuta ni mali inayopotea kwa njia ya moshi.

Namna ya kupima

Taa ya mafuta na sindano ya dashibodi si vipimo. Kipimo ni kujaza tangi mpaka bomba la pampu lijikate lenyewe mara ya kwanza, bila kuongezea ili kufikisha shilingi za mviringo. Andika kilomita. Tembea kilomita zisizopungua 300, kisha rudi kwenye sheli ile ile, pampu ile ile, ujaze tena kwa mtindo ule ule. Lita zilizoingia mara ya pili ndizo zilizotumika, na risiti inazionyesha. Safari ya Mwanza hadi Musoma na kurudi, ambayo inazidi kilomita 400, inafaa sana kwa kazi hii kwa kuwa sehemu kubwa ni barabara kuu isiyo na milima mikali. Mizunguko ya mjini, kutoka Pasiansi hadi Makoroboi mara sita kwa siku, haifai. Injini hupoa na kuwashwa tena mara nyingi, na matokeo hubadilika kila siku.

Tangi moja halitoshi kuamua. Matatu yanatosha. Na katika hayo matatu, moja aendeshe mwenye gari mwenyewe.

Hilo la mwisho ndilo linalomaliza ugomvi wa dereva bila kutukanana. Kama tangi la bosi na tangi la dereva yanalingana, mafuta hayatoki kwa mpira usiku, na maneno ya kumshuku yaishie hapo. Kama yanatofautiana sana, bado ni mapema kusema ni wizi, kwa sababu mwendo nao unakula. Nguvu ya upepo inayolizuia gari hupanda kwa mraba wa mwendo: kutoka kilomita 80 hadi 110 kwa saa, nguvu hiyo inakaribia mara mbili. Shangingi ni sanduku refu lenye kifua kipana. Yawezekana kabisa baadhi ya madereva waliookoa muda wa kivuko pale Kigongo wanaurudisha mwendo kasi mafuta yale yale yaliyookolewa na daraja.

Kilomita zenyewe pia zihojiwe. Wengi hubadili tairi za shangingi na kuweka kubwa zaidi ili gari lisimame juu. Prado iliyotoka na tairi za 265/70 R16 ikivishwa 265/75 R16, kipenyo hukua kwa asilimia 3.4. Kila kilomita 100 zinazosomeka kwenye dashibodi ni 103.4 barabarani. Gari limetembea zaidi ya linavyokiri, na mwenyewe anaona limekunywa zaidi ya lilivyokunywa. Ukienda hadi 285/75 R16 udanganyifu unafika asilimia 7. Ramani ya simu inatosha kulinganisha umbali. Kwa upande mwingine ni kweli pia kwamba tairi kubwa na nzito huongeza ulaji halisi, hivyo tairi hizo zina makosa mawili, moja la hesabu na moja la kweli.

Mfanyabiashara wa Igoma, katika mfano huu, alibadili tairi kwa namna hiyo hiyo mwaka uliopita. Akisahihisha kilomita, 6.5 inakuwa 6.7. Akiendesha mwenyewe kwa mwendo wa kilomita 80, bila keria juu, anapata 7.2. Dereva basi anaweza kuwa mtu wa kasi, lakini kasi na keria pekee hazijajibu swali. Kutoka 7.2 hadi 9 bado kuna pengo, na pengo hilo limo ndani ya gari.

Ugonjwa mdogo hauelezi hasara kubwa

Hapa ndipo fedha nyingi hutupwa. Gari linapelekwa gereji, fundi anabadili plagi na chujio la hewa, anasafisha hiki na kile, na bili inalipwa. Baada ya wiki mbili mwenyewe anagundua hakuna kilichobadilika. Kosa ni kutouliza kila tatizo linaweza kula kiasi gani.

Upepo wa tairi: takwimu za Wizara ya Nishati ya Marekani zinaonyesha kwamba kila paundi moja inayopungua katika tairi zote nne huongeza ulaji kwa takriban asilimia 0.2. Tairi zikipungua paundi 10, hiyo ni asilimia 2. Zijazwe, kwa sababu ni za bei rahisi na usalama unahitaji, lakini hazitaeleza asilimia 25. Oili isiyo ya daraja lake hula asilimia 1 au 2. Keria yenye mzigo ina uzito zaidi: wizara hiyo hiyo inakadiria asilimia 6 hadi 17 katika mwendo wa barabara kuu. Anayefunga magunia ya dagaa juu ya paa kutoka Mwaloni Kirumba hadi Shinyanga ajue kwamba magunia ni mepesi kwenye mizani lakini si mepesi mbele ya upepo.

Chujio la hewa ni kisa cha pekee. Kila mtu hulilaumu, na enzi za kabureta lawama hiyo ilikuwa ya haki. Lakini uchunguzi wa maabara ya taifa ya Oak Ridge, Marekani, uliochapishwa mwaka 2009 ulionyesha kwamba kwenye injini za petroli zinazoongozwa na kompyuta chujio lililoziba halibadilishi ulaji wa mafuta kwa kiasi cha maana. Linapunguza nguvu ya gari kuongeza mwendo. Kompyuta hupima hewa iliyoingia na kupunguza mafuta kulingana nayo. Kwa vumbi la barabara za machimbo ya Geita, chujio libadilishwe kwa ajili ya kulinda injini, lakini asitarajie mtu kuona fedha yake ikirudi sheli. Kinachodanganya kompyuta ni vumbi lililopenya na kuganda kwenye kipima hewa, kile kiwaya chembamba kilichomo kwenye bomba baada ya chujio. Hicho kikichafuka, hesabu yote ya mafuta inaharibika.

Breki zinazong'ang'ania ni tatizo la magari ya mialoni. Gari linaloshuka hadi ukingoni kupakia samaki hukanyaga maji, matope na mchanga, na pini za breki huota kutu. Breki inakamata na haiachii. Kipimo hakihitaji mtaalamu: endesha kilomita kumi, simama taratibu bila kukanyaga breki sana, kisha sogeza mkono karibu na kila rimu bila kuigusa. Ile yenye joto kuliko wenzake ndiyo inayokula mafuta, na baadaye itakula diski na tairi.

Kuna pia vitufe. Katika Prado ya gia za kujiendesha, taa ya O/D OFF ikiwaka maana yake gia ya juu imefungwa na injini inazunguka kwa kasi isiyo na sababu. Mtu hukibonyeza kitufe hicho kupanda mlima wa Bugando na kukisahau mpaka Bunda. Vivyo hivyo kufuli la difu la kati, au lile gia la kuvuta tairi zote kwenye Escudo na Hilux Surf, huwekwa kwenye matope na kuachwa likiwa limeingia gari linaporudi lami. Tiba ya haya ni bure.

Thamostati iliyotupwa

Sababu inayostahili kutafutwa mapema kuliko zote kwa shangingi la zamani katika ukanda huu haionekani, haipigi kelele, na mara nyingi iliwekwa na fundi kwa nia njema.

Kila injini ina kifaa kidogo kinachozuia maji ya rejeta yasizunguke mpaka injini ipate moto wake. Ni thamostati. Katika injini nyingi za Toyota za petroli hufunguka kwenye joto la karibu nyuzi 82. Chini ya joto hilo kompyuta huamini kwamba gari limetoka kuwashwa, na hulipa mafuta mengi zaidi, kama mtu anayeongeza kuni kwa kuwa sufuria haijachemka. Injini ya baridi pia ina oili nzito na huchoma mafuta vibaya.

Sasa angalia mlolongo wenyewe. Mwenye gari hutumia maji ya bomba au ya ziwa badala ya maji maalumu ya rejeta yenye dawa ya kuzuia kutu. Baada ya miaka, njia za rejeta huziba kwa kutu na chumvi. Siku moja katika mlima, gari likiwa na mzigo, joto linapanda. Fundi anaitwa, anaiona thamostati, anaitoa na kuitupa, na kweli joto linashuka. Kila mtu anafurahi. Ugonjwa wa rejeta umebaki pale pale, na umeongezwa wa pili: injini haitafika tena joto lake katika safari ya asubuhi, hasa barabarani ambako upepo unaipuliza rejeta muda wote. Wapo hata wanaofunga ile feni ya injini izunguke moja kwa moja bila kujiachia, na hiyo nayo hudai nguvu.

Dalili zipo kwa anayezitafuta. Asubuhi, gari likitoka Buzuruga kuelekea Kisesa, sindano ya joto huchelewa kupanda. Likikamata mwendo kwenye barabara wazi sindano hushuka, na likisimama hupanda. Gari zima hufanya kinyume: safarini lina baridi, kwenye foleni lina joto. Sindano za Toyota nyingi zimetengenezwa kutulia katikati hata joto likipanda au kushuka kwa kiasi, kwa hiyo sindano iliyotulia si ushahidi kamili kwamba mambo ni salama. Kifaa cha kusoma kompyuta ya gari hutoa jibu kwa tarakimu. Injini iliyotembea nusu saa barabara kuu na bado inaonyesha nyuzi 65 au 70 haina thamostati, au inayo iliyokwama wazi.

Bei ya thamostati ni ndogo kuliko ya kujaza tangi la Prado mara moja. Ila kuirudisha bila kuzibua rejeta ni kurudisha joto lililomtisha fundi wa kwanza, safari hii kwa hatari ya kuunguza gasketi ya kichwa cha injini, na hapo bili inakuwa ya aina nyingine kabisa. Kazi hizi mbili zifanywe siku moja: rejeta, mfuniko wake na feni kwanza, thamostati baadaye.

Injini ikishafika joto lake, mshukiwa anayefuata ni sensa ya oksijeni iliyoko kwenye bomba la moshi. Ndiyo inayoiambia kompyuta kama mafuta yamezidi au yamepungua. Ikizeeka hujibu taratibu au husema uongo, na gari lililopita kilomita laki moja na nusu na sensa yake ya kiwandani lina haki ya kushukiwa. Wizara ya Nishati ya Marekani inasema kurekebisha kasoro kubwa ya aina hii kunaweza kuboresha ulaji kwa hadi asilimia 40. Hapa ndipo penye ukubwa unaolingana na hasara ya Igoma. Ikumbukwe pia kwamba injini iliyoendeshwa muda mrefu bila thamostati hujaza masizi, na masizi hayo huiharibu sensa. Mara nyingi magonjwa haya mawili hukaa nyumba moja.

Kuhusu kusomesha gari kwa kompyuta, tahadhari ni mbili. Mashine hizo zimekuwa lazima kukubalika na magari ya soko la Marekani tangu mwaka 1996, lakini gari lililotengenezwa kwa soko la ndani la Japani la miaka hiyo linaweza kukataa kabisa kuzungumza na kifaa cha bei rahisi. Na jina la sensa likitokea kwenye kioo si hukumu kwamba sensa hiyo ndiyo mbovu. Kompyuta inaripoti malalamiko. Waya uliokatika, ekzosi iliyotoboka au hewa inayopenya kwenye mpira uliopasuka vinaweza kuleta lalamiko lile lile. Fundi anayenunua sensa kabla ya kuangalia mipira anatumia fedha ya mwingine kujifunza.

Kwa dizeli mambo ni mafupi. Hakuna plagi za cheche wala sensa hiyo katika mashine za zamani. Moshi mweusi unaozidi wakati wa kupanda mlima huelekeza kwenye nozeli zilizochoka, pampu iliyopoteza kipimo, au hewa isiyotosha, na hapa chujio lililoziba lina lawama ya kweli.

Mafuta yenyewe

Uchakachuaji ulikuwa wimbo wa kila kijiwe miaka ya 2010. Wafanyabiashara wasio waaminifu walichanganya mafuta ya taa kwa sababu kodi yake ilikuwa ndogo. Serikali ilianza kuweka vinasaba kwenye mafuta mwaka 2010, na mwaka 2011 kodi ya mafuta ya taa ikapandishwa ili faida ya kuchanganya iondoke. Tuhuma hazijaisha vijiweni, lakini gari linalokunywa vibaya kwa miezi sita likijazwa sheli tatu tofauti haliumwi na mafuta. Kwa anayeshuku ujazo, Wakala wa Vipimo hukagua pampu na kuziwekea alama ya ukaguzi. Iangaliwe kabla ya kujaza.

Hatari iliyo karibu zaidi ni dumu. Kwenye mialo na visiwani petroli huuzwa kwa madumu na chupa, na sehemu yake huwa imekwisha kuchanganywa na oili kwa ajili ya mashine za mitumbwi za mipigo miwili. Shangingi likijazwa mchanganyiko huo hutoa moshi wa buluu na plagi hupakwa masizi. Anayenunua mafuta ya dharura Ukerewe aulize kwanza yametengwa kwa nani.

Kuuza au kutengeneza

Mfanyabiashara wa mfano akizibua rejeta, akirudisha thamostati, akibadili sensa baada ya kuhakikisha waya zake, akashusha keria na kumpa dereva kikomo cha mwendo, anaweza kufika kilomita 8.6 za kweli kwa lita. Hazifiki 9, kwa kuwa tairi kubwa zinabaki hadi ziishe. Kwa bei ile ile ya mfano anaokoa takriban Sh. 200,000 kwa mwezi. Achukue bili nzima ya gereji, aigawe kwa kiasi hicho, na apate miezi ya kurudisha fedha. Ikiwa chini ya sita, hakuna biashara dukani kwake inayolipa haraka namna hiyo. Ikizidi kumi na minane na gari lina kasoro nyingine, wazo la kuuza lina haki ya kusikilizwa.

Kabla ya hapo kuna kipimo kimoja cha mwisho ambacho wauzaji wengi hawakifanyi na wanunuzi wachache hukiomba: kupima mgandamizo wa kila silinda. Silinda zikiwa na nguvu inayolingana, injini ni nzima na kiu ilitokana na vitu vilivyo nje yake. Moja ikiwa chini sana ya wenzake, na oili inapungua kati ya sevisi mbili, basi mafuta yanapotelea mahali ambapo thamostati haiwezi kuyazuia.

Taarifa hiyo ina thamani sokoni. Magari yaliyopita umri yakiingizwa upya kutoka Japani hubeba ushuru wa ziada wa uchakavu, kwa hiyo shangingi lililokwisha sajiliwa nchini bado lina mteja. Anayeuza kwa maneno ya "linakunywa kidogo" hukatwa bei kana kwamba injini imekufa. Mnunuzi anayejua kazi hufika asubuhi kabla injini haijawashwa, hugusa boneti kuhakikisha ni baridi, huomba kuendesha hadi Usagara na kurudi, na njia nzima jicho lake moja linakuwa kwenye sindano ya joto. Ikishuka barabarani na kupanda kwenye taa za barabara za mjini, haongei kitu. Anarudi, anaomba mgandamizo upimwe kwa gharama yake, na majibu yakitoka mazuri ndipo anapoanza kulalamikia ulaji wa mafuta na kutaja bei.